Biskuti Bila Nafaka: Piga Hesabu ya Trei, Acha ya Kilo

Anayetafuta namna ya kuoka biskuti zisizo na nafaka hukutana kwanza na lozi. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani huanza na vikombe viwili vya unga wa lozi, kana kwamba lozi huokotwa chini ya mti uani. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, vikombe hivyo viwili vinaweza kumla fedha ya kuku wa kisasa mzima. Wengi hufunga ukurasa hapo hapo na kurudi kwenye ngano, wakiamini kwamba biskuti za namna hii ni starehe ya wenye nazo.

Mimi naona kosa liko kwenye kupima. Tumezoea kulinganisha unga kwa unga, kilo kwa kilo: ngano shilingi kadhaa, karanga mara mbili yake, korosho usiguse. Lakini hakuna anayekula unga mtupu. Biskuti ni unga, mafuta, kitamu, yai na moto, na kila unga huja na madai yake. Upo unaodai siagi nyingi, upo unaodai mayai matatu, na upo unaojitosheleza. Ukiweka gharama zote kwenye trei moja, mpangilio wa bei hugeuka, na baadhi ya unga ulioonekana ghali dukani huibuka nafuu mezani.

Kabla ya fedha, swali la msingi: nani anazihitaji? Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambapo mwili hushambulia utumbo wake mwenyewe kila unapokutana na gluteni, lazima aache ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Huyo hana mjadala. Ila hana haja ya kuacha nafaka zote. Mchele, mahindi, mtama, ulezi na uwele havina gluteni, na biskuti za ulezi ni tamu na za bei ndogo. Kwake hatari kubwa ni mashine ya kusagia. Ulezi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano dakika tano zilizopita umeshachafuka. Kundi la pili ni wenye kisukari na wanaopunguza wanga. Kwao kuacha nafaka kunaweza kusaidia au kusisaidie kitu, kutegemea kilichowekwa mahali pake, na tutaona muhogo unavyowadanganya watu hapo. Kundi la tatu ni wazazi wanaotaka vitafunio vyenye nguvu zaidi ya ile biskuti ya pakiti iliyojaa sukari. Kundi la nne linafuata mkumbo tu. Nalo halina ubaya, mradi lisiingie hasara.

Bei nitakazotumia hapa ni za kukokotolea, zenye tarakimu nyepesi kushikika. Karanga hushuka wakati wa mavuno na kupanda kabla yake, mayai hupaa msimu wa sikukuu, na bei ya Kariakoo si ya Makambako. Msomaji afute namba zangu aweke za soko lake. Chukulia basi kilo ya unga wa ngano ni shilingi 2,000, unga wa muhogo 2,000, karanga mbichi zilizobanguliwa 4,000, unga wa dengu 4,000, vipande vya korosho 15,000, lozi 40,000, sukari 3,000, tende 8,000, siagi au samli 16,000, na yai moja 400. Kila biskuti iwe kidonge cha gramu 22, ukubwa wa kuuma mara mbili.

Tuanze na ngano ili tuwe na kipimo. Unga gramu 250 ni shilingi 500, siagi gramu 125 ni 2,000, sukari gramu 125 ni 375, yai 400. Jumla shilingi 3,275, na donge hilo hutoa biskuti 25. Kila moja imekugharimu shilingi 131 kabla ya moto. Tazama vizuri hesabu hiyo: unga ambao ndio tunaoulizia bei haufiki hata sehemu ya sita ya gharama. Mlaji mkubwa ni siagi.

Sasa karanga. Gramu 250 kwa bei yetu ni shilingi 1,000, sukari gramu 100 ni 300, yai 400, chumvi kidogo na iliki mbili tatu ambazo tayari zipo jikoni. Jumla shilingi 1,700. Unapata biskuti 18, kila moja shilingi 94. Kilo ya karanga ina bei maradufu ya kilo ya ngano, na bado biskuti yake imekuwa nafuu kwa zaidi ya robo. Sababu ni kwamba karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta yake yenyewe. Ukizisaga hadi zikawa laini, umepata unga na siagi kwa bei moja.

Namna ya kuzitengeneza haihitaji ufundi. Karanga zikaangwe kwa moto wa wastani, zikigeuzwa bila kuachwa, mpaka ganda lianze kuachia na punje ikatike ukiiuma. Zipoe kabisa. Zifikichwe kwa viganja na kupepetwa kwenye ungo, maganda mekundu yaruke. Hapo ziingie kwenye blenda. Mwanzo zitakuwa kama chenga, halafu zitakwama pembeni na kukutia wasiwasi. Zima, kwangua kwa mwiko, acha mota ipumzike, endelea. Ghafla zitatoa mafuta na kulegea. Blenda ndogo za bei rahisi huungua hapa kwa sababu mwenyewe amekazana kusaga mfululizo, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Asiye na blenda ana kinu na mchi. Kazi itakuwa ndefu zaidi na karanga zitabaki na chenga kidogo, jambo ambalo mimi nalipenda katika biskuti. Changanya na sukari, yai, chumvi na iliki iliyotwangwa, finyanga vidonge, vibonyeze kwa uma mara mbili kwa kupishanisha, oka kwa nyuzi 180 dakika 10 hadi 12. Zikitoka zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Usiziguse wala usizirudishe. Zikipoa kwenye trei yenyewe zinakaza.

Je, siagi ya karanga ya chupa? Chukulia chupa ya gramu 400 ni shilingi 6,000. Gramu 250 zake ni 3,750 dhidi ya 1,000 za karanga ulizosaga mwenyewe. Tofauti hiyo inanunua muda wako wa kukaanga na kumenya, na kwa mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku pengine ni biashara nzuri. Ila soma lebo. Chupa nyingi zina sukari na mafuta ya mawese ndani. Ukiongeza sukari ya maelekezo juu ya sukari ya chupa unaoka peremende. Inayofaa ina karanga na chumvi basi, na mafuta yake huelea juu hadi uyakoroge.

Karanga zina deni moja ambalo halimo kwenye bei: sumukuvu. Ukungu unaoitoa hupenda karanga na mahindi kuliko mazao mengine, hasa yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Si jambo la kutishana kwa maneno matupu. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo hiyo. Kukaanga hupunguza sumu lakini hakuimalizi. Kinga ya mnunuzi ni macho na mkono. Nunua karanga nzima, zimwage kwenye sinia jeupe, toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kushika vumbi la kijani au jeusi, na yoyote yenye ladha chungu. Karanga za kusagwa zinazouzwa kwenye mifuko ya plastiki isiyo na jina zina unafuu unaovutia, lakini hujui nini kilisagwa humo. Ukishasaga huwezi kuchambua tena. Kwa hili mimi sisiti: lipia karanga safi zaidi, na tenga muda wa kuchambua.

Wenye mzio wa karanga waishie hapa na kuruka kwenye dengu au nazi. Mwalimu wa darasa la awali naye aulizwe kabla mtoto hajabeba kopo zima la kugawia wenzake.

Lozi kwa mapishi yale yale ni hivi: gramu 250 shilingi 10,000, sukari 300, yai 400. Jumla 10,700, biskuti 18, kila moja karibu shilingi 594. Zaidi ya mara sita ya karanga. Unapata nini cha ziada? Ladha ya upole, rangi nyeupe, nyuzinyuzi zaidi kidogo. Protini ya karanga ni nyingi kuliko ya lozi, takriban gramu 26 kwa 21 katika kila gramu 100. Siwasemi vibaya Waitaliano, ambao amaretti zao za lozi, sukari na ute wa yai ni za zamani kuliko fasheni hii yote, wala Wayahudi wanaookea Pasaka vitafunio vya lozi na nazi kwa kuwa chachu na unga wa kawaida vimekatazwa siku hizo. Wao lozi ni zao la kwao au la jirani. Kwetu ni mzigo wa kuvuka bahari.

Korosho ni zetu, na kisa chake kinaudhi kidogo. Mtwara na Lindi zimejaa mikorosho, lakini sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje na ganda lake, India na Vietnam, na huku nyumbani punje iliyobanguliwa inabaki kitu cha kuhesabu. Hata hivyo mnunuzi ana mlango wa pembeni. Korosho hupangwa madaraja, na nzima kubwa nyeupe ndizo za bei ya juu. Zilizopasuka na vipande hushuka bei, na ladha ni ile ile. Wewe unakwenda kusaga, uzima wake wa nini? Kwa vipande vya shilingi 15,000 trei yetu inafika 4,450, biskuti moja shilingi 247. Ghali kwa kila siku, sawa kabisa kwa wageni wa Idi, na kwa mdomo wangu inaishinda lozi. Korosho ni tamu kwa asili yake, hivyo sukari inaweza kushuka hadi gramu 70 bila mtu kulalamika.

Nazi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaimwaga. Ule unga wa nazi unaouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka ya vyakula vya afya hutokana na nyama ya nazi iliyokamuliwa, ikakaushwa na kusagwa. Yaani machicha. Kila nyumba ya Pwani inayokuna nazi ya mchuzi inayazalisha, na kila jioni yanakwenda kwa kuku au jalalani. Ukishakamua tui zito na jepesi, yakamue mara ya mwisho kwa kitambaa safi, uyatandaze kwenye trei membamba, uyakaushe kwa moto mdogo kabisa wa oveni au kikaangoni huku ukigeuza, mpaka yawe makavu ya kuchakarika na bado meupe. Kuyaanika juani inawezekana, ila kwa unyevu wa Dar es Salaam na inzi wake siwashauri. Yakipoa yasage kwenye blenda kavu na kuyachekecha. Nazi moja haitoi mengi, kwa hiyo kusanya ya nazi mbili au tatu na uyahifadhi kwenye kopo ndani ya friji.

Unga huo ni bure, na hapo ndipo hesabu ya kilo inapowaponza watu. Unga wa nazi hunyonya maji kuliko unga wowote ninaoujua. Robo kikombe chake hufanya kazi ya kikombe kizima cha ngano, na ukiuweka sawa kwa sawa utapata mchanga. Hudai mayai. Trei ya unga gramu 60 inataka mayai matatu, shilingi 1,200, mafuta au siagi gramu 60, shilingi 960, na sukari gramu 80, shilingi 240. Jumla 2,400 kwa biskuti 16, sawa na shilingi 150 kila moja. Unga wa bure umetoa biskuti ya bei kubwa kuliko ya karanga, hata kuliko ya ngano. Mwenye kuku wake wanaotaga uani atacheka na hesabu hii, na ana haki. Faida kubwa ya nazi ni nyuzinyuzi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetamani kitafunio na chai, mbili za nazi zinatosha kumshibisha.

Muhogo ndio ulionifanya nitake kuandika makala hii. Umeenezewa sifa kwamba ni unga wa afya usio na nafaka, na kwa siliaki ni kweli unafaa. Kwa kuoka pia ni mtiifu, kwani huchukua nafasi ya ngano karibu gramu kwa gramu, na biskuti zake zinavunjika kwa mlio mzuri mdomoni. Gharama: unga 500, siagi 2,000, sukari gramu 100 shilingi 300, yai 400, jumla 3,200 kwa biskuti 24. Shilingi 133, sawa na ngano. Lakini tazama ndani. Katika gramu 100 unga wa ngano una wanga kama gramu 76 na protini 10. Unga wa muhogo una wanga unaozidi 80 na protini gramu moja au mbili. Biskuti moja ya muhogo kwa kipimo chetu inabeba wanga wa gramu 13 hivi, ya ngano 12.6. Mwenye kisukari aliyehama kutoka ngano kwenda muhogo kwa matumaini ya kushusha sukari yake ya damu hajahama kokote. Zaidi ya hayo muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu ya sianidi, kwa hiyo unga uchukuliwe kwa mtu unayejua namna anavyotayarisha makopa yake, au wa kiwanda.

Karanga kwa hesabu hiyo hiyo zinabeba wanga chini ya gramu 8 kwa biskuti, na protini karibu gramu 4 mahali pa gramu 1.3 za ngano. Nishati haipungui. Biskuti ya karanga ina takriban kalori 104, ya ngano 94. Anayetaka kupunguza mwili asidhani amepata biskuti za kula bila hesabu. Anachopata ni kushiba mapema. Mbili zinatosha pale ambapo za ngano zingekwenda tano.

Dengu sijui kwa nini hazitajwi. Unga wake upo kila duka la mtaa kwa sababu ya bajia, zao lenyewe linalimwa Shinyanga, Mwanza na Simiyu, na ni jamii ya kunde, si nafaka. Wahindi wana utamaduni mrefu wa vitamu vya unga huu na samli. Hila yake ni moja tu: uukaange kwanza kavu, au ndani ya samli yenyewe, kwa moto mdogo, hadi harufu ya ubichi iondoke na jikoni kunukie kama karanga. Ukiruka hatua hiyo biskuti zitakuwa na ladha ya maharage mabichi na hutazirudia tena. Gramu 250 za unga, 125 za samli, 100 za sukari, iliki, bila yai. Jumla 3,300, biskuti 21, kila moja shilingi 157. Samli ndiyo iliyopandisha. Kwa mfungo wa wasiokula mayai, au nyumba yenye mzio wa karanga, hizi ndizo ningeoka.

Mbegu za alizeti zingekuwa mshindani, Singida na Dodoma zikiwa zimejaa, lakini karibu zote huishia kwenye mashine za kukamulia mafuta, na kuzimenya kwa mkono ni adhabu. Ukizipata zilizomenywa, zitumie kama karanga, na usitishike ukikuta biskuti imegeuka kijani ndani siku ya pili. Ni kemikali ya alizeti ikikutana na bikaboneti, kama umeitia. Haina madhara, na matone ya ndimu kwenye donge huzuia.

Tukitaja bikaboneti, onyo kwa aliyedhamiria kuacha nafaka kabisa: baking powda nyingi zimechanganywa na wanga wa mahindi, na sukari laini ya kupambia keki vivyo hivyo. Bikaboneti kidogo na ndimu hufanya kazi ile ile kwa fedha ndogo. Biskuti za karanga hazihitaji hata hiyo.

Kwenye kitamu ndipo watu hujidanganya zaidi. Asali ya Tabora ni nzuri, lakini zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linaihesabu pamoja na sukari ya mezani. Mwongozo huo unataka sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na unasema nusu yake ni bora zaidi. Asali pia hulegeza donge na kuunguza biskuti mapema. Kwa bei yake ya mara nne au zaidi ya sukari, sioni sababu ya kuichoma kwenye oveni. Ipake juu ya mkate.

Tende zina kesi bora. Gramu 120 zilizotolewa kokwa, zikalowekwa kwenye maji ya moto na kupondwa, zinachukua nafasi ya sukari yote katika trei ya karanga. Gharama inapanda kutoka 1,700 hadi 2,360, biskuti zinakuwa 19, kila moja shilingi 124. Sukari iliyomo haijapungua sana, maana robo tatu hivi ya tende ni wanga, lakini imekuja na nyuzinyuzi zake. Baada ya Ramadhani tende zilizobaki madukani hushushwa bei, huo ndio wakati wa kununua za kupikia. Ndizi mbivu yenye madoa meusi ni rahisi zaidi, lakini ina maji mengi, na biskuti zake ni laini za kuliwa siku hiyo hiyo. Njia isiyogharimu chochote ni kupunguza. Maelekezo ya kawaida ya biskuti za karanga yana kikombe kizima cha sukari kwa kikombe cha karanga. Mimi nimeandika nusu yake, na inawezekana kushuka tena watoto wakishazoea.

Umebaki moto. Oveni ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa pamoja na kupasha haizidi uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani wa TANESCO ambaye shilingi 1,000 humpa uniti kama 2.8, hiyo ni shilingi 357, karibu shilingi 20 kwa biskuti. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, hulipa theluthi ya hapo. Trei ya pili ikifuata ya kwanza papo hapo gharama inashuka zaidi, kwa kuwa oveni imeshapata moto. Oka mbili kwa mpigo.

Mkaa unafaa vilevile. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, kigae juu ya mchanga, sahani ya bati yenye biskuti juu ya kigae, mfuniko wa bati na makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Biskuti za karanga zina mafuta na sukari pamoja, zinaungua kitako wakati uso bado mweupe, na aliyezoea kuokea keki kwenye mkaa atashtuka zinavyowahi. Dakika nane chungulia. Anayepikia gesi atumie kikaango kizito chenye mfuniko, moto wa chini kabisa, kisha azigeuze mara moja kwa uangalifu. Hazitakuwa na umbo la dukani, lakini ladha ipo.

Kuhusu kuhifadhi, za muhogo hukaa kavu wiki nzima kwenye kopo lililofungwa, ingawa Pwani unyevu huzilainisha ukiacha mfuniko wazi usiku mmoja. Za karanga, korosho na lozi hulegea taratibu, na mafuta yake yakikaa sana hunuka. Oka kidogo mara nyingi. Donge lenyewe linakaa friza bila shida, likiwa limeshafinyangwa.

Biskuti za pakiti zilizoandikwa “bila gluteni” zinazoletwa kutoka nje usizichanganye na hizi. Geuza pakiti usome viungo: mara nyingi ni unga wa mchele na wanga wa mahindi, ambavyo ni nafaka, pamoja na sukari ya kutosha. Zinamfaa mwenye siliaki aliye safarini. Kwa mwingine ni kulipia maandishi ya pakiti.

Uamuzi wangu basi. Kwa nyumba ya kawaida, karanga zilizochambuliwa vizuri na nusu ya sukari hazina mpinzani kwa bei wala kwa lishe. Mwenye mzio wa karanga achukue dengu. Anayekuna nazi kila siku na kufuga kuku atumie machicha yake. Mwenye siliaki anayetamani biskuti kavu kama za zamani aoke muhogo, bila kujidanganya kwamba amepunguza wanga. Vipande vya korosho viwe vya wageni. Lozi ziache dukani.